Fedha za Choo cha Wageni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo mama wa mchumba wangu alisimama mbele ya mkutano akauliza Mengineyo ni mtoto wa nani. Nitafika huko. Kwanza sogeza kigoda ukae vizuri, maana habari hii siwezi kuisimulia mbio mbio. Nikiiharakisha nitaruka sehemu zinazoniaibisha, na hizo ndizo zenye faida kwako.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kijiji chetu, kama ujuavyo, ukitoka huko Mwakitolyo kwa baiskeli asubuhi unafika kabla jua halijawa kali. Vijana wengi walikuwa wanakimbilia machimbo ya huko kutafuta dhahabu. Sisi kaya kumi na tisa tukaanzisha kikundi cha kupokea watalii. Wazo lililetwa na Zuhura, mama mmoja wa Kambarage pale mjini Shinyanga, aliyekuwa na Hiace yake ya kutembeza wageni. Alitwambia wageni wake wamechoka kutazama wanyama, sasa wanataka kutazama watu.

Mwenyekiti wetu, mzee Nkwabi, akamuuliza kwa mashaka, "Watutazame tukifanya nini?"

"Mnavyoishi tu, baba."

"Na watalipa?"

"Watalipa."

Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi watu hawa wana shida kubwa. Tuwasaidie."

Tukaanza. Wageni wakaja, wakatazama bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, wakasaga mtama kwenye jiwe, wakakamua ng'ombe, wakalala kwenye nyumba za msonge. Walipotaka kujaribu kulima tuliwaruhusu, tena kwa malipo. Fikiria, mwanangu: mtu anakulipa ili akulimie shamba! Baba yangu alikataa kabisa kuamini mpaka alipoona shamba lake la pamba limepaliliwa mistari minne. Mistari yenyewe ilikuwa imepinda, lakini hakulalamika.

Jikoni alikuwa Mama Kabula. Huyu alikuwa mjane, mpole wa maneno, mkali wa macho, na binti yake Kabula ndiye niliyekuwa nimemchumbia. Alipika ugali wa mtama, mlenda na maziwa mgando, na wakati wa kuaga aliwafungia wageni michembe, vile viazi vitamu tunavyovikausha juani. Wageni waliitafuna kwa bidii sana, wengine nadhani mpaka leo bado wanaitafuna.

Mimi nilichaguliwa mweka hazina. Sababu ni kwamba mimi peke yangu ndiye niliyemaliza kidato cha nne, kwa alama ambazo hazikuulizwa na sikuzitaja. Jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kununua daftari, ni kwenda mjini kununua mkoba wa ngozi ya bandia wenye kufuli la namba. Niliununua kwa fedha za kikundi. Nilijiambia ofisi lazima iheshimike. Ofisi yenyewe ilikuwa ndio huo mkoba, na ndani yake mara nyingi kulikuwa na karanga.

Sasa utaratibu ulikuwa hivi. Kila mgeni akishalipa, wacheza ngoma wanapewa chao, mpishi chake, wenye nyumba chao, na elfu nne zinabaki kwa kila mgeni kwa ajili ya kujenga choo cha wageni. Usicheke, choo kilikuwa jambo kubwa. Wageni walikuwa wanatumia cha mzee Nkwabi, ambacho hakikuwa na mlango. Sisi wenyeji tulizoea: ukiingia unaimba ili wengine wajue kuna mtu. Wageni hawakuwa na nyimbo zetu. Kuna mmoja alijaribu kuimba wa kwao, ng'ombe wakaja kumtazama. Zuhura akatuonya kwamba bila choo cha maana wageni wataacha kuja.

Nikawa natunza fedha hizo kwenye sanduku langu la bati, ufunguo nimeuvaa shingoni. Daftari nilikuwa nalo, lakini nililiandika siku mbili tatu za mwanzo nikaacha. Nilisema yote yako kichwani. Watu wakiuliza, "Jilala, fedha za choo zimefikia wapi?" nilijibu, "Zipo." Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yangu ya fedha kwa mwaka mzima.

Siku moja mzee Nkwabi aliniomba kwa upole nimwonyeshe daftari. Nikavuta uso. Nikamwambia, "Mzee wangu, kumbe huniamini?"

Akaona haya. Mtu mzima wa umri ule, mwenye wajukuu, akaona haya mbele yangu, akasema, "Hapana, mwanangu, nilikuwa nauliza tu." Akaondoka. Nami nikajiona nimeshinda.

Haikupita muda akaja rafiki yangu Luhende. Tulicheza pamoja utotoni, na sasa alikuwa mchimbaji Mwakitolyo, ana duara lake. Duara ni shimo la dhahabu, ndivyo wanavyoliita wenyewe. Alikuja na kijiwe kwenye leso, akakigeuza geuza juani mpaka nikaona kinametameta.

"Bado mita mbili tu kufika kwenye mwamba wenyewe," akaninong'oneza, ingawa tulikuwa wawili tu na mbuzi. "Nimeishiwa fedha za magogo ya kushikilia kuta na chakula cha vijana. Nipe laki tatu. Wiki mbili zinarudi mara tatu."

Sikulala vizuri, lakini sitakudanganya kwamba niliteseka sana. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Laki tatu mara tatu ni laki tisa. Nitajenga choo chenye vigae! Watu watauliza nimefanyaje, nami nitatabasamu tu. Pengine watakiita kwa jina langu. Asubuhi nikafungua sanduku. Sikuona kwamba naiba. Niliona nakisaidia kikundi bila kukisumbua kwa maswali.

Baada ya wiki mbili nikaenda kwa Luhende. "Bado mita mbili," akasema. Mwezi ukaisha, nikaenda tena. Bado mita mbili. Lile duara lilikuwa na mita mbili zisizoisha. Mara ya nne nilimkuta amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, ameshika tama.

"Limejaa maji," akasema.

Nikachungulia shimoni. Akanitazama, akaona anifariji. "Lakini ni maji safi, Jilala. Tunayanywa."

Wiki hiyo hiyo barua ya Zuhura ikaletwa na kondakta wa basi. Jumamosi analeta wageni kumi na mmoja, walimu wastaafu wa huko kwao, watu wazima. Amewahakikishia kwamba choo kiko tayari, kwa kuwa mweka hazina alimwambia fedha zimetimia.

Mwanangu, nilijenga choo kile kwa siku mbili. Nilichimba shimo la kufika kiunoni, nikasimamisha miti minne, nikazungushia viroba vya mbolea nilivyoshona kwa kamba ya katani. Mlango ulikuwa shuka langu la maua, zuri tu, nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya ndoa. Mzee Nkwabi akaja, akakizunguka mara mbili mikono nyuma.

"Jilala, fedha zote zile ndizo hizi?"

"Hiki ni cha muda, mzee. Saruji iko njiani, inatoka Kahama."

"Inakuja kwa miguu?" akauliza, akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Wageni wakakaa kwenye viti mbele ya uwanja, ngoma ikaanza, majembe yanarushwa juu na kudakwa, vumbi linatimka. Katikati ya shangwe nikamwona mgeni mmoja, mzee mrefu mwenye kofia pana na mvi zilizochanwa vizuri, anainuka taratibu na kitabu mkononi, anaelekea kwenye viroba vyangu. Nikaanza kusali.

Unakijua kisulisuli chetu cha kiangazi, ule upepo unaozunguka na kubeba vumbi juu kama nguzo. Kilitokea upande wa malambo, kikakatiza shamba la mihogo bila haraka, kikasimama kidogo kama mtu anayeuliza njia, kisha kikaenda moja kwa moja kule. Kikanyanyua viroba, kikanyanyua shuka langu la maua, kikapanda navyo juu. Vumbi lilipotulia, miti minne ilikuwa imesimama, na yule mzee alikuwa katikati yake, amechuchumaa, kofia kichwani, kitabu mkononi.

Wapiga ngoma wetu walikuwa watu wa adabu. Bila kuambizana, wote walimpa mgongo yule mzee, na wachezaji nao wakageuka, ngoma haikukatika hata pigo moja. Sasa kwa kuwa wageni walikuwa wamekaa upande ule ule, walipewa mgongo nao. Wakadhani ndiyo sehemu takatifu ya mchezo. Wakasimama, wakapiga picha migongo ya watu, wakapiga makofi.

Mama Kabula peke yake ndiye aliyefanya jambo la maana. Alifungua kitenge chake cha juu, akakitanda kwa mikono miwili, akatembea kinyumenyume mpaka pale, akasimama kama ukuta bila kugeuka hata mara moja, mpaka mzee akamaliza shughuli zake. Yule mgeni akatoka, akavua kofia, akamwinamia. Kisha akacheka mpaka akatoa machozi.

Zuhura hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Wageni hawa nimewaleta kwa jina langu. Fedha za choo nilizitoa mimi, kwa mkono huu, kila safari. Jumatatu nakuja kusikiliza hesabu mbele ya kikundi chote. Nisipoelewa, hawa ni wa mwisho. Kuna vijiji vingine."

Ningekuwa na akili ningeenda kusema ukweli jioni ile ile. Badala yake niliitumia Jumapili nzima kuandika taarifa. Niliandika, nikachana, nikaandika. Saruji nisingeweza kuitaja, maana mtu angesema ioneshwe. Matofali vile vile. Mwisho nikakumbuka neno nililowahi kulisikia kwenye mkutano wa hadhara, ofisa mmoja analisoma bila kutoka jasho. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikalala.

Jumatatu watu walijaa darasani shuleni. Baba yangu alikaa dirishani, kofia magotini. Nikafungua mkoba, karanga mbili zikadondoka, nikaanza kusoma.

"Mapato, laki tatu na elfu ishirini. Matumizi. Kalamu, mia tano. Daftari, elfu moja na mia tano. Mafuta ya taa, elfu mbili. Mkoba wa ofisi, elfu kumi na sita." Nikakohoa. "Mengineyo, laki tatu. Ahsanteni."

Nikakaa. Nikadhani nimepona. Ndipo Mama Kabula alipoinua mkono, akasimama.

"Wabeja kwa kutusomea. Mimi shule sikwenda, kwa hiyo mnisamehe. Huyu Mengineyo ni mtoto wa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nami kwa ujinga wangu nikaona nafasi ya kujionyesha msomi. "Mama, Mengineyo si mtu. Ni matumizi mbalimbali."

"Mbalimbali kama yapi?"

"Kama... hayo mengine."

"Mengine yapi?"

"Ndiyo hayo mengineyo, mama."

"Aa," akasema. "Basi aitwe. Kalamu tunaiona, mkoba tunauona. Huyu aliyechukua laki tatu peke yake ndiye hatujawahi kumwona, na mimi ndiye mpishi. Angekula hapa ningemjua."

Mtu wa nyuma akasema labda Mengineyo ni mtu wa Ushetu, wana fedha za tumbaku wale. Mwingine akasema kwa kula huko lazima ni mnene, hawezi kujificha. Darasa zima likawa linacheka. Kicheko kilipotulia Zuhura akaniuliza, "Hebu kwanza niambie, wageni walikuwa wangapi?"

"Wengi," nikasema.

Mama Kabula akainama, akatoa kibuyu kwenye kikapu, akamwaga punje za mahindi juu ya dawati. "Kila mgeni aliyekula chakula changu, niliweka punje moja. Hawa wa Jumamosi sijawaweka, bado hawajalipiwa."

Mzee Nkwabi akazihesabu kwa kidole, kumi kumi. Zikawa themanini. Themanini mara elfu nne ni laki tatu na elfu ishirini. Mapato yangu yalikuwa sahihi! Nilitaka kufurahi, lakini nikaona macho ya Mama Kabula.

"Zilizoingia tumezijua," akasema taratibu. "Sasa mwanangu Jilala, tuambie."

Hakuniita mweka hazina. Aliniita mwanangu, mbele za watu, na hilo ndilo lililonivunja. Nikasimama.

"Mengineyo ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote: kijiwe kwenye leso, mita mbili, maji.

Hakuna aliyecheka tena. Kicheko kile nilichokuwa nakichukia, nikatamani kirudi. Baba alichukua kofia yake akaivaa, akaishusha mpaka kwenye nyusi. Mtu mmoja akasema nipelekwe kwa mtendaji, na wengine wakaitikia. Mzee Nkwabi akainua mkono.

"Kabla hamjampeleka huyu, nianzeni mimi. Nilimwomba daftari, akaniuliza kama simwamini, nikaona haya nikaondoka. Mwenyekiti anaona haya kuuliza fedha za watu! Na ninyi wote aliwajibu 'zipo', mkaenda zenu." Kisha akanigeukia. "Jilala, sikuomba daftari kwa kukushuku. Nilitaka siku mtu akikusingizia, niwe na kitu mkononi cha kukutetea nacho. Leo nikutetee na nini?"

Mwanangu, nimegombezwa na watu wengi maishani, na wengine walitumia fimbo. Hakuna maneno yaliyoniingia kama hayo.

Wakaamua hivi. Mtamba wangu, niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya mahari, auzwe, na kitakachopungua nikimalize kwa vibarua. Fedha zikatunzwe benki mjini, zisitoke bila sahihi za watu watatu, na Mama Kabula awe mmoja wao kwa dole gumba. Shimo la choo nilichimbe mwenyewe. Na kila mwezi nisimame nisome hesabu, mstari kwa mstari, neno mengineyo likiwa marufuku. Nilidhani wataniondoa. Mama Kabula akasema hapana, nisiachwe nikapumzika.

Nikamfuata nje, nikapiga goti. "Mama, na habari ya Kabula?"

"Kabula yupo," akasema. "Kwanza choo."

Luhende alisikia, akaja na sururu yake bila kuitwa. Kulipa hakuwa na cha kulipa, ila kuchimba alijua. Tulichimba siku tisa, tukashuka urefu wa watu wawili, yeye anaimba, mimi nalia kimoyomoyo. Shimo lile ndilo pekee la Luhende ninalolijua lililowahi kuleta faida. Zuhura alirudisha wageni msimu uliofuata, na mimi nilioa mwaka mmoja baadaye, baada ya mama mkwe kusikiliza taarifa kumi na mbili.

Ya kwanza kati ya hizo nilikesha nikiiandika. Nilisoma kila kitu, hadi kiberiti. Mama Kabula akalinganisha na punje zake, akaitikia kwa kichwa. Nikasubiri maswali, hayakuja. Nikasubiri makofi, nayo hayakuja. Mzee Nkwabi akasema, "Haya, tumesikia," watu wakainuka, wakaenda kula, wanazungumza habari za mvua. Nilibaki nimesimama na karatasi yangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuaminiwa hakuna kelele yoyote.

Nimekuita leo kwa sababu nasikia wenzako wamekuchagua kushika fedha za kikundi chenu, na kwamba mpaka wenzetu wa upande wa Geita wanataka kuja kujifunza kwenu. Hongera. Najua siku hizi fedha zinaingia kwa simu. Basi laini iwe ya kikundi, isiwe ya kwako, na ujumbe ukiingia auone zaidi ya mmoja. Andika siku ile ile, usiseme utakumbuka, maana kichwa kinakumbuka yale kinayoyapenda. Fedha ya choo ikajenge choo. Ukiona nafasi ya kuizalisha, wewe si mwenye fedha, waulize wenyewe, na wakikataa usinune. Soma hesabu kabla hujaombwa. Neno usiloweza kumweleza mpishi akalielewa, lifute. Na siku mtu akikuomba daftari, nakuomba sana, usimuulize kama hakuamini. Mpe kiti, mpe daftari, mshukuru.

Sasa inamisha kichwa nikuombee. Mungu wa babu zetu, anayetupa mvua na wageni, akujalie mikono myepesi kuandika na mizito kutoa. Akujalie wanachama wasumbufu, wasiochoka kuuliza shilingi ya mwisho imekwenda wapi, na akupe moyo wa kuwajibu ukitabasamu. Na jioni ukirudi nyumbani ulale usingizi wote, mwanangu, bila kubakiza.